Nimemficha mama jina la sindano ya goti

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Iringa mjini, nina miaka 38 na watoto wawili. Mama yetu ana miaka 67, anaishi peke yake kijijini Mufindi tangu baba alipofariki. Magoti yamemchosha. Lilianza la kulia miaka minne iliyopita, likafuata la kushoto. Akiamka anakaa ukingoni mwa kitanda akiyasugua kama robo saa ndipo asimame. Kanisa liko juu ya kilima, kwa hiyo sasa anakwenda Jumapili moja, anaruka mbili. Na baridi ya kwetu ya Juni na Julai unaijua. Hapo hata kutoka chumbani kwenda jikoni ni safari.

Nilimleta mjini akapigwa picha kwenye kituo kimoja binafsi. Tukaambiwa magoti yamesagika, gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, limelika, ila kuna sindano za ute zinazochomwa ndani ya goti, tatu kila goti, moja kila wiki, na kwamba zitarudisha gegedu lililokwisha. Gharama yote ni milioni moja na laki nane. Kaka yetu mkubwa, yuko Dar, akasema atatoa nusu, nusu nyingine tuuze miti ya mama. Ni ekari moja na nusu ya paini, ina miaka tisa. Mama siku zote husema hiyo miti ni ada za wajukuu.

Balaa lilianzia kwenye jina. Nesi alimsomea mama karatasi: asidi ya hayaluroniki. Mama akalidaka lile neno la kwanza. "Asidi si ndiyo tindikali?" Marehemu baba alikuwa dereva wa lori la mbao, Mafinga mpaka Makambako, na mama bado ana suruali yake ya kaki iliyotobolewa matundu na maji ya betri, anafunikia mbegu za viazi. Akasema, "Kilichokula kaki hakiingii kwenye goti langu." Tukarudi nyumbani.

Usiku kaka akanipigia. "Wewe ndiye msomi wa familia. Mwambie ni vitamini, mambo yaishe." Nikamwambia hivyo, Mama Mshauri. Nilimwambia mama kwamba daktari amebadilisha, hii mpya ni vitamini ya magoti. Akanitazama kwa muda, akasema, "Kama ni wewe unasema, sawa." Tangu siku hiyo usingizi wangu ni wa vipande vipande.

Halafu mwezi uliopita alikuja kunitembelea. Mezani kwangu kuna kichupa cha seramu ya uso nilichonunua sokoni kwa sababu ya ngozi kukauka. Binti yangu wa darasa la sita, ambaye siku hizi hakuna kopo asilolisoma, akamsomea bibi yake kwa sauti. Asidi ile ile! Mama hakusema kitu. Jioni akaniuliza kama uso wangu unauma.

Miadi ni wiki tatu zijazo. Mnunuzi wa miti ameshapita kupima. Nikisema ukweli, mama atakataa na kaka atasema nimemnyima mama tiba. Nikinyamaza, atachomwa kitu alichokikataa kwa kinywa chake. Na mimi mwenyewe sijui hiyo asidi ni kitu gani hasa, wala inakuwaje cha usoni ndicho hicho hicho cha gotini. Nifanyeje?

Mwalimu, Iringa

*

Marahaba mwanangu, na kamwene, kama mnavyosalimiana huko kwenu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimehamia kiti kirefu, maana magoti yangu nayo yana umri wa kutosha. Nikikusikia vizuri, umefunga mambo matatu kwenye pindo moja la kanga: dawa usiyoijua, uongo uliomwambia mama, na miti. Mawili ya kwanza umeniuliza. La tatu umelitaja ukipita tu, na hilo ndilo lililonisimamisha. Nitalifikia.

Tuanze na neno lenyewe. Mama yako hajakosea. Tindikali ndiyo asidi anayoijua, na ushahidi wake uko juu ya mbegu za viazi. Lakini ukoo huo ni mkubwa. Limau lina asidi, maziwa mgando yana asidi, na ule mgawo wa vidonge vya damu uliopewa kliniki ukiwa na mimba ya huyo binti msomaji una asidi ya foliki. Ulimeza miezi kadhaa na hakuna kilichotoboka.

Hii ya hayaluroniki iligunduliwa mwaka 1934 na Karl Meyer na mwenzake John Palmer, katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Waliitoa kwenye ule ute mzito unaojaza jicho la ng'ombe. Jina wakaliunganisha: neno la Kigiriki la kioo, kwa sababu ute ule unapenyeza mwanga kama kioo, na asidi ya uroniki, sukari ya namna fulani waliyoikuta ndani yake. Wangekuwa wameipa jina la kienyeji, nadhani wangeiita ulenda wa jichoni, na mama yako angekuwa ameshachomwa zamani.

Maana kwa umbile lake hicho ni kitu cha jamii ya ulenda. Chukua shanga nyekundu na nyeupe uzitunge kwenye uzi mmoja zikipokezana. Nyekundu ni asidi ya glukuroniki, nyeupe ni N-asetili-glukosamini, zote mbili ni za ukoo wa sukari. Jozi hiyo inajirudia mpaka mara 25,000 hivi katika uzi mmoja. Kila shanga nyekundu imebeba chaji hasi, na chaji za aina moja husukumana, kwa hiyo uzi haujikusanyi ukawa donge. Unatanuka, unavuta sodiamu, na maji yanaifuata sodiamu. Gramu moja ndani ya mililita mia za maji inatosha kuyafanya yavutike kama ute wa yai. Na kwa kuwa mwilini imeshashikana na sodiamu, hapo tunaongea habari za chumvi kuliko za asidi. Haichomi. Bamia likikatwa likatiwa maji, kinachonyooka kati ya vidole ni minyororo ya sukari ya aina nyingine, lakini kazi ni hiyo hiyo ya kushika maji.

Mimi nilikuwa muuguzi mkunga kabla ya kustaafu. Ute huu nimeushika kwa mikono miaka mingi bila kuwaza jina lake: kitovu cha mtoto anapozaliwa, ile kamba inayoteleza ambayo ukiifinya inarudi, imejaa huo. Ndio unaolinda mishipa ya damu isibanwe mtoto anapojigeuza tumboni. Mtu mzima wa kilo 70 ana kama gramu 15 mwilini mwake, karibu nusu ikiwa kwenye ngozi, na kila siku theluthi moja huvunjwa ikatengenezwa nyingine. Ndiyo maana kichupa chako na goti la mama vimekutana kwenye jina. Mwili unatumia kitu kimoja mahali pengi.

Gotini kazi yake ni ya ajabu kidogo. Ukitembea polepole, ute unateleza kama mafuta kati ya mifupa. Ukiruka mfereji, nyuzi zile ndefu hazipati nafasi ya kupishana, kwa hiyo ute unakuwa kama mpira na kupokea kishindo. Goti likisagika, nyuzi hukatika zikawa fupi, na ute wenyewe unakuwa mwepesi, kama uji uliozidishwa maji. Wazo la sindano likatokea hapo: kama ute umeharibika, tuongeze mwingine. Unaotumika hospitalini hutoka sehemu mbili. Upo unaotolewa kwenye upanga wa jogoo, ile nyama nyekundu ya kichwani. Na upo unaotengenezwa na bakteria jamii ya streptokokasi, ambao kwa asili yao hujifunika mnyororo huu huu ili kinga ya mwili isiwatambue, kama mwizi aliyevaa sare ya mgambo. Muulize daktari ni upi, hasa kama mama anadhurika na mayai au kuku.

Kwa hiyo kwa habari ya tindikali, unaweza kulala. Wasiwasi wangu uko kwenye ile ahadi ya kurudisha gegedu. Labda daktari alisema kitu kingine mkasikia hicho, hutokea, lakini kama alisema hivyo, sindano ya ute hairudishi gegedu lililokwisha. Ute unaochomwa haukai gotini muda mrefu. Mwili unauvunja kama unavyouvunja wake. Marekani waliruhusu sindano hizi mwaka 1997, na tangu hapo zimejaribiwa sana. Mwaka 2022 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa majaribio 169 yenye wagonjwa zaidi ya 21,000. Katika majaribio makubwa, ambamo wengine walichomwa maji ya chumvi yasiyo na dawa bila kujua, tofauti ya maumivu ilikuwa kama alama 2 kati ya 100. Mgonjwa hawezi kuihisi tofauti hiyo. Na madhara makubwa yalijitokeza zaidi kidogo kwa waliochomwa ute. Mwaka huo huo mwongozo wa afya wa Uingereza ukaelekeza wagonjwa wa magoti yaliyosagika wasipewe sindano hizi. Wapo wataalamu wa mifupa wanaoendelea kuzitumia kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa, na wapo wagonjwa wanaoapa kwamba zimewasaidia miezi kadhaa. Siwabishii, nimewaona. Ila milioni moja na laki nane ni fedha nyingi kwa kitu ambacho kwa wengi kimekaribiana na maji.

Sasa mama mwenyewe. Umeandika kana kwamba yeye ni mtu wa kupitishwa tu, akisikia neno atakataa, asiposikia atakubali. Una hakika? Mwanamke huyu alisikia neno geni, akaliunganisha na ushahidi alionao nyumbani, akafanya uamuzi. Ndivyo unavyowafundisha wanafunzi wako wafanye. Alichokosa ni habari ya pili.

Kuna mahali nimerudia kusoma. "Jioni akaniuliza kama uso wangu unauma." Inawezekana ni hofu ya mama tu juu ya uso wa mwanawe. Inawezekana pia kwamba ameshaunganisha kichupa, vitamini na wewe, na ameacha mlango wazi ili uingie mwenyewe bila kufedheheka. Wewe unaijua sauti yake, mimi siijui. Ulimjibu nini? Hukuandika.

Nikizipima njia ulizonazo, hakuna isiyo na mwiba. Kunyamaza kunaonekana rahisi mpaka ukumbuke nani anasoma makopo nyumbani kwako. Sindano hiyo inaweza kuvimbisha goti siku mbili tatu, na mara chache sana kuingiza maambukizi ambayo ni ya kukimbizana hospitali. Hapo karatasi zitasomwa kwa sauti, na uongo utatoka ukiwa umebeba lawama ya uvimbe juu yake. Kumwachia daktari aeleze kuna heshima yake, lakini mama atasikia mbele ya wageni kwamba mwanawe alimdanganya. Kumwambia mwenyewe kabla kutakuuma wewe, na huenda akakataa kila kitu, hata yale yanayofaa. Lipo pia la kuahirisha miadi kwa mwezi mmoja. Goti la miaka minne halitaharibika kwa wiki nne, ingawa kaka atapiga simu.

Kaka naye. Nisingemwita mbaya. Mtu aliye mbali humhurumia mama yake kwa simu na kwa fedha, na neno "vitamini" lilimtoka kwa haraka ya huruma hiyo. Lakini je, anajua kwamba gegedu halirudi? Huenda anadhani anachangia tiba ya kumaliza. Mpe habari hizi kabla ya kumpa habari ya dhamiri yako. Kwa wanaume wa namna yake mara nyingi hesabu hutangulia. Nasema hivyo nikiwa na kaka wanne.

Na miti. Paini ya miaka tisa bado ni mtoto, wewe wa Mufindi unajua kuliko mimi bei ya mti mchanga na bei ya mti wa miaka kumi na minane. Mama ameipanda kwa ajili ya wajukuu. Ameulizwa? Barua yako inasema kaka alisema, mnunuzi alipita, akapima. Sijaona mahali mama alipofungua kinywa. Naanza kujiuliza kama "kilichokula kaki hakiingii kwenye goti langu" ilikuwa habari ya asidi peke yake, au ni mtu aliyeona miti yake inaondoka akatafuta neno la kusimamia.

Kabla ya sindano yoyote ningependa mjue anachotaka ni nini hasa. Kulala bila maumivu? Kupanda kilima cha kanisa? Kuinama shambani? Majibu hayo yana dawa tofauti. Hospitali za rufaa zina wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, na mazoezi ya kuimarisha msuli wa mbele wa paja, yakifanywa wiki kadhaa bila kuachwa, yana ushahidi mzuri kuliko sindano hii. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa pili wa goti linalouma zaidi. Watu wengi huishika upande usiofaa. Kigoda cha jikoni kibadilishwe na kiti cha kawaida, jiko liinuliwe. Kama ana uzito wa ziada, kilo chache zikipungua goti linahisi. Ipo jeli ya kupaka ya kupunguza maumivu, daktari ataieleza. Vidonge vya maumivu vya kila siku msijinunulie, hasa kama ana presha au vidonda vya tumbo. Na kama picha inaonyesha mfupa unasuguana na mfupa, ulizeni kuhusu upasuaji, japo hiyo ni safari nyingine na gharama nyingine. Haya yote anaweza kuyachagua huku sindano akiikataa, au akaikubali pia akijua anakubali nini. Magoti ni yake.

Kuhusu uso wako, kwa kifupi. Nyuzi nyingi za kwenye seramu ni ndefu mno kupenya ngozi. Zinakaa juu na kushika maji. Kwa upepo mkavu wa Iringa ipake ngozi ikiwa bado na unyevu, kisha funika na mafuta ya mgando, la sivyo maji yanaondoka na pesa yako. Ila ukisikia saluni wanajaza midomo kwa kalamu isiyo na sindano, kimbia. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya juu ya kalamu hizo mwaka 2021, na ute ukiingia kwenye mshipa wa damu unaweza kumpofusha mtu.

Ukiamua kumwambia mama, usianze na New York. Nenda Mufindi Jumamosi moja, peke yako. Chukua kichupa, mdondoshee tone kidoleni asugue mwenyewe. Mkichinja kuku, katia paja kwenye kiungo mbele yake, polepole, mpaka ule utelezi uvutike kati ya mifupa miwili kabla ya kukatika. Ameuona maisha yake yote. Mwambie hicho ndicho kilichoandikwa kwenye karatasi, na kwamba ulikijua kwa jina lingine siku ile ulipomwambia ni vitamini. Halafu nyamaza, kuku achemke, umsikilize.